Nilivyopata watu wa nje wa kutunza seva zetu, Dar

Seva zetu nyingi ni HPE ProLiant Gen9 na Dell R730, vyuma vya kizazi cha 2014, waranti ilishaisha kitambo na kila mwaka bei ya kuongeza sapoti kwa mtengenezaji inapanda wakati mashine yenyewe inazeeka, mpaka dada wa uhasibu akaniuliza hivi hii hela si bora tununue mpya tu? Mpya bajeti hamna. Bosi akasema basi tafuta kampuni ya nje, yaani si mtengenezaji mwenyewe, hizi zinazobeba Dell, HPE na storage (mashine za kuhifadhi data) zote kwa mkataba mmoja.

Nikaanza na orodha, serial namba za kila mashine, part namba za disk, pawa saplai na feni. iLO ya HPE na iDRAC ya Dell, vile vifaa vya ndani vya kusimamia seva ukiwa mbali, zinakupa nyingi ukiwa umekaa. Humo humo tukakuta seva zinaunguruma tu hazina kazi yoyote, tukazizima tukazifanya spea zetu wenyewe na mkataba ukapungua kabla hata hatujaanza kubishana bei.

Kotesheni zilipokuja zote zimeandika masaa 4. Nikauliza, manne ya nini? Maana kuna manne ya fundi kukupigia simu, kuna manne ya fundi kufika mlangoni, na kuna manne ya mashine kuwaka, na bei zake haziwezi kulingana hata kidogo. Jamaa mmoja akacheka, "Kaka inaonekana ulishaumizwa wewe." Nikamwambia niandikie tu.

Halafu spea ziko wapi? Kama ziko Dubai hayo masaa manne ni hadithi, kifaa kikitua uwanja wa ndege JNIA bado kuna kliaringi ya forodha, ikiangukia Ijumaa jioni ndo basi tena. Nikaomba kuona stoo. Wengine wakaanza kunizungusha, mara meneja kasafiri mara funguo hazipo. Kampuni moja wakanipeleka, stoo ya kawaida tu huko Barabara ya Nyerere, nikamtajia kijana wa stoo part namba ya pawa saplai ya R730, akaingia kwenye shelfu akatoka nayo, mfuko haujafunguliwa, juu ina stika ya tarehe waliyoijaribu na sahihi ya aliyejaribu. Ile stika ilinishawishi kuliko slaidi zote nilizooneshwa.

Kwenye storage kuwa makini zaidi. Disk za storage za EMC VNX zimefomatiwa baiti 520 kwa sekta (kile kipande kidogo cha disk), za dukani ni 512, ukichomeka ya dukani mashine haiitambui, kwahiyo anayekwambia "disk ni disk tu mzee" mshukuru umuage.

Kuna kitu watu wa nje hawawezi kukupa hata wawe wazuri vipi, nacho ni fimwea, programu ya ndani ya kifaa chenyewe. HPE tangu 2014 ukitaka sistemu ROM mpya (fimwea inayowasha seva) ya ProLiant lazima uwe na waranti au mkataba wao, na Cisco programu za swichi za mtandao ni hivyo hivyo. Dell wao za seva wanaachia bure. Kwahiyo swichi tumeziacha kwa mtengenezaji, seva na storage zikaenda nje, na seva za HPE tulizipandisha fimwea zote kabla mkataba wa zamani haujaisha. Hili fanya mapema.

Disk mbovu pia. Mikataba mingi inasema ukipewa mpya unarudisha ya zamani, sasa ndani kuna taarifa za wateja na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 ipo, tukalipia kidogo zaidi disk zibaki kwetu tuzitoboe wenyewe.

Kabla ya kusaini nikaomba jaribio. Jumamosi usiku nikachomoa disk kwenye seva ya majaribio nikapiga simu. Aliyepokea aliomba logi (rekodi) za iDRAC kabla hata hajaniuliza natoka kampuni gani, na disk ikaja usiku ule ule kwa bodaboda. Tukasaini mwaka mmoja, na kipengele kwamba seva tukiizima katikati ya mwaka inatoka kwenye bili.