Nilivyofuga vidukari ili kuwamaliza vidukari

Kila niliyemwambia kwamba nafuga vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, ndani ya kitalu nyumba cha pilipili hoho alinisihi niache. Mmoja, mtaalamu wa kilimo anayeheshimika, alisema waziwazi: "Mwenzangu, unazima moto kwa petroli." Leo hoho zangu zimesimama, majani hayajajikunja, na msimu mzima sijapuliza dawa ya vidukari. Naandika kwa sababu ushauri ule mbaya bado unagawiwa kila siku.

Ushauri wenyewe ni huu: ng'oa kila kijani kisicho hoho, puliza, na vidukari wakirudi nunua vinyigu, yaani nyigu wadogo sana, uwaachie. Niliufuata wote. Vinyigu hao, Aphidius colemani, ni hodari kweli. Jike hutaga yai ndani ya kidukari, buu humla kutoka ndani, kidukari huvimba na kukauka akawa ganda la hudhurungi, kisha kinyigu kipya hukata tundu la mviringo na kutoka. Kwenye joto la nyuzi 21 hivi huchukua kama wiki mbili tu. Walisafisha kitalu changu vizuri mno, na hapo ndipo shida ilipoanzia: pa kutaga pakakosekana, nao wakaisha. Kidukari hahitaji hata dume. Jike mmoja akipenya mlangoni huzaa watoto hai bila kupandwa, na wanawe hivyo hivyo. Mlipuko mpya ulipoanza kuonekana kwa macho, sikuwa na kinyigu hata kimoja, nikanunua tena, na tena. Fedha iliyoishia huko ingenibadilishia wavu wa kitalu kizima, au karibu na hapo.

Suluhisho nililipata kwa wanaikolojia, wanasayansi wa mahusiano ya viumbe. Mwaka 1977 Robert Holt alionyesha kwa hesabu kwamba aina mbili za viumbe zisizogombea chakula wala mahali zinaweza kudhoofishana kwa sababu tu zina adui mmoja. Moja ikistawi humshibisha adui, adui huzaana, kisha nyingine ndiyo inayoumia. Mwaka 1997 watafiti Bonsall na Hassell walilithibitisha kwa namna iliyonifurahisha sana. Waliwatenga nondo wa aina mbili wanaokula vyakula vikavu kwa wavu unaopitisha kinyigu anayewashambulia wote wawili lakini haupitishi nondo. Nondo wale hawakukutana wala kugawana punje moja, na bado nondo wa unga alitoweka. Nikaona ninachokosa: mawindo ya upande wa pili, yatakayowaweka vinyigu hai wakati hoho ni safi.

Mawindo hayo yapo, na wakulima wengine wa vitalu wanayatumia. Kidukari wa nafaka, Rhopalosiphum padi, hukaa kwenye shayiri, ngano na nyasi. Hoho haimfai kabisa, matango vilevile. Ila kinyigu yule yule humtagia bila kusita. Basi nikaotesha shayiri.

Muuzaji wa vinyigu alinielekeza niweke shayiri yote pamoja karibu na mlango, tena iwe nyingi na iwe imejaa vidukari. Ushauri mwingine wa ovyo! Vinyigu walivutika pale na hawakutoka. Kwa nini wahangaike? Chakula kilikuwa chini ya miguu yao. Hoho za mwisho wa kitalu zikavamiwa huku adui wa vidukari wakijazana mlangoni. Jambo hili pia limo katika nadharia, ila washauri hawalitaji: kwa muda mfupi, mawindo ya pili yakiwa mengi mno humshibisha adui na kuyakinga ya kwanza. Madhara huja baadaye, adui akishazaana na kutawanyika. Kwa hiyo niligawa shayiri katika vyungu vidogo, nikavisambaza kila pembe na katikati ya mistari, kila kimoja kikiwa na vidukari wa wastani. Tangu hapo maganda ya hudhurungi nayakuta kwenye hoho hata kabla sijaona kundi la vidukari.

Sasa ujanja ninaojivunia. Vinyigu wakikolea humaliza hata vidukari wa shayiri, kwa hiyo unahitaji mbegu ya vidukari isiyoguswa. Nilitengeneza kasha la mbao, nikalifunika pande zote kwa wavu mwembamba kuliko ule wa kitalu, maana kinyigu ana urefu wa milimita mbili hivi na hupenya palipo wazi kidogo tu. Nililiweka mbali na kitalu. Maji nayaingiza kwa mpira kutoka chini, kasha lisifunguliwe. Nikilazimika kulifungua, nafanya alfajiri kabla hewa haijapata joto, vinyigu wakiwa bado wamepoa. Vyungu vipya hutoka humo kwa zamu. Vya zamani, hata shayiri ikinyauka, usivitupe: vinyigu wako ndani ya maganda.

Yakague maganda hayo. Tundu likiwa na kingo zilizochanikachanika, kuna nyigu wengine wanaowala vinyigu wako, na chungu hicho kitoke. Sisimizi wazuie kabla ya yote, maana huwalinda vidukari kwa ajili ya majimaji yao matamu na huwafukuza vinyigu. Mjue pia kidukari wako: huyu colemani hamfai kidukari mkubwa wa viazi, wa huyo ni Aphidius ervi, na bila adui wa pamoja shayiri yako ni pambo.

Na kama umepakana na shamba la nafaka, tafadhali usijaribu. Kidukari wa shayiri hueneza virusi vya udumavu wa manjano kwenye nafaka, na nguvu hii ya adui wa pamoja haichagui upande. Kwenye visiwa vya pwani ya California, miaka ya 1990, nguruwe mwitu walioletwa na binadamu waliwalisha tai wa dhahabu, tai wakatulia huko, na mbweha wadogo wa visiwani, ambao hawakuwahi kugombana na nguruwe, wakakaribia kwisha.

Mimi vyungu vya kwanza naviingiza wiki ninayohamishia miche ya hoho, kabla ya kidukari wa kwanza. Wanaosubiri waone uharibifu ndio wanaorudi kusema njia hii haifanyi kazi.