Yule mwenye sinia

Neno lililonikwamisha ni "boy". Nilikuwa naandika manukuu ya Kiswahili ya filamu In the Heat of the Night, ya mwaka 1967, ili mjomba naye aione. Kiingereza chake ni cha kuagizwa tu: leta, ondoa, haraka. Ujanani alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa Mzungu mmoja.

Usiku, katika mji mdogo wa Mississippi, kusini mwa Marekani, tajiri ameuawa. Polisi wanamkuta Mweusi kituo cha treni ana pesa kwenye pochi. Basi, muuaji kapatikana. Kumbe ni Virgil Tibbs, mpelelezi wa kesi za mauaji kutoka Philadelphia, naye Sidney Poitier anamwigiza kama mtu aliyezimeza hasira zake zote kabla hajafungua mdomo. Gillespie, mkuu wa polisi, anamwita "boy". Nikaandika "kijana". Nikafuta. Kijana kwetu ni sifa, mtu wa miaka arobaini na tano hujiita hivyo bila haya. "Mvulana" linachekesha. Mwisho nikaweka "boi", neno ambalo Kiswahili kililiokota humo humo jikoni kwa Wazungu.

Gillespie anauliza, huko kwenu wanakuitaje? Wananiita Bwana Tibbs. Kwa Kiingereza hiyo ni heshima ya kawaida, hata karani anapewa. Kwa Kiswahili, boi anayetaka kuitwa Bwana kapindua nyumba nzima. Nikaacha vivyo hivyo.

Siku ya kuiangalia, mjomba alivumilia kimya mpaka kwa Endicott, mwenye mashamba ya pamba. Wako ndani ya banda lake la maua. Tibbs anamhoji kama mshukiwa yeyote. Mzee anamzaba kofi, na papo hapo Tibbs anamrudishia. Mimi huwa napiga makofi hapo. Endicott anamgeukia Gillespie: umeona? Ameona. Utafanya nini? Hajui. Mwenye bastola na beji hajui! Miaka yote nilimwona Gillespie hapo kama mtu anayeanza kubadilika. Safari hii, baada ya kuyaandika maneno yake mara nne ili yaenee kwenye mstari mmoja, niliona mtu anayengoja kwanza ajue upepo unavuma wapi. Filamu inamhurumia kupita kiasi, nadhani. Mwishoni anambebea Tibbs sanduku hadi kwenye treni, nasi tunatakiwa tuone deni limelipwa. Oscar ya mwigizaji bora ilimwendea Rod Steiger, aliyemwigiza Gillespie. Poitier hakuwamo hata kwenye orodha ya walioteuliwa.

Ninachoiheshimu filamu ni kwamba haimwachi Tibbs naye. Anatamani Endicott awe ndiye muuaji, anatamani kumporomosha kutoka kilimani kwake, mpaka Gillespie anamwambia, kumbe wewe ni kama sisi. Na kweli alikuwa amekosea: muuaji ni mwingine kabisa, mtu mdogo wa mgahawani. (Samahani kama hujaiona. Una miaka zaidi ya hamsini ya kuchelewa.)

Mjomba hayo hayakumshughulisha. Kofi lilipopigwa hakucheka wala hakushangilia. Akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akaniambia tena.

"Unamtazama nani, mjomba?"

Pale bandani kuna mtu wa nne ambaye mimi sikuwahi kumpa hata sekunde moja: mtumishi Mweusi aliyeleta limonadi. Amesimama na sinia lake, ameliona kofi la kwanza, ameliona na la pili. Tibbs na Gillespie wanatoka, wanapanda gari, na hadithi inaondoka nao.

Mjomba akasogea hadi kwenye kioo, akamgusa yule mtu kwa kidole.

"Hawa wana gari," akasema. "Huyu ndiye atakayebaki naye usiku."