Macho 17

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania kuanzia tarehe 1 Juni 2019, Jumamosi, na sisi tulikuwa kwenye Ramadhani. Wiki ile mama mdogo alikuwa ananipigia simu asubuhi na jioni. Ana duka la nafaka Mabibo, Dar es Salaam: mchele, maharage, kunde, choroko. "Wenzangu watafungia magazeti," alisema. "Mimi nataka mfuko wa kitambaa, na uwe na jina kama kanga."

Jina alishalichagua mwenyewe: HABA NA HABA HUJAZA KIBABA. Mifuko 60, iwe dukani Jumamosi duka likifunguliwa.

Hadi siku hiyo nilikuwa nimechapa fulana nne tu, zote za kuvaa mwenyewe. Nikamjibu, "Wala usijali, mamdogo."

Fremu ya kuchapia aliniungia fundi seremala. Juu yake niliwamba shela ya pazia ya Kariakoo, ile nyepesi unayoona ng'ambo, mdogo wangu akivuta upande mmoja nami nikipiga pini upande wa pili, mpaka ukiigonga kwa kidole inalia kama dufu. Shela ikilegea, maandishi hutapakaa. Wino ulikuwa mweusi, wa maji, wa kitambaa. Raba ya kuvutia wino ilikuwa ya kupangusia vioo vya gari. Mifuko alishona fundi cherehani wa mtaani kwetu kwa kitambaa cha marekani, na ndani ya kila mmoja nilitia kipande cha boksi ili wino usivuje upande wa pili.

Maneno nilikatiwa na kijana anayebandika stika kwenye bajaji. Nilimpelekea karatasi, mashine yake ikakata, dakika chache tu, nikarudi nyumbani Ijumaa jioni na stika yangu imekunjwa kama mkeka.

Baba alistaafu Urafiki, kile kiwanda cha nguo kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China pale Barabara ya Morogoro, na sehemu kubwa ya utumishi wake aliimalizia kwenye kuchapa kanga na vitenge. Kwa mtu aliyezoea kuona majora yakipita kwenye mashine, fremu yangu ilikuwa mchezo wa kitoto. Lakini baada ya futari alivuta kiti, akavaa miwani.

Kazi ya kwanza ni kuchokonoa. Stika imeshakatwa, sasa unang'oa herufi kwa sindano na kuacha kile kinachozizunguka, maana wino utapita pale herufi ilipokuwa. Tatizo ni herufi zenye tundu. Ukiing'oa A, pembetatu yake ya katikati lazima ibaki palepale kwenye karatasi. B inazo mbili. Baba huviita macho.

"Hesabu macho kabla hujabandua," alisema.

Tukahesabu wote wawili, yeye kwa ncha ya kijiti cha meno: 17. KIBABA peke yake ina sita. Akaniambia ndiyo maana herufi za kwenye magunia ya kahawa huwa zimekatikakatika: zile hukatwa kwenye bati, na jicho lisiloachiwa kishikio linadondoka. Shela haidai kishikio. Jicho linakaa peke yake katikati ya nyuzi na wino unapita pembeni. Mimi hilo ndilo lililonifanya niipende kazi hii; pembetatu ndogo kama punje ya mchele, haijashikamana na kitu chochote, na bado iko mahali pake.

Nikalaza tepu pana ya karatasi juu ya stika yote, nikabandua, nikaibandika chini ya fremu, upande unaolalia nguo. Nikasugua kwa kijiko. Nikatoa tepu taratibu. Macho yote 17 yalikuwepo. Nikazima feni, maana upepo hukausha wino ndani ya shela, nikamwaga wino, nikavuta raba kwa mkono mmoja uliotulia. Nilijaribia kwenye kanga kuukuu.

Baba aliinama, akasoma polepole.

"Abah an Abah. Ndiyo nani huyo?"

Kijana wa stika alikata kama anavyokata siku zote, yaani isomeke ikiwa imebandikwa. Ya kwangu ilikuwa inabandikwa kifudifudi, uso ukitazama nguo, kwa hiyo ilitakiwa ikatwe kinyume, kama unavyoiona kwenye kioo. Hakukosea yeye, sikumwambia. A, H na U hazijali kugeuzwa, ndiyo maana kwa sekunde kadhaa hata mimi niliona sawa tu.

Saa nne usiku, nani afungue kibanda? Baba akasema tukate nyingine kwa wembe. Herufi 22 kwa mkono, nikakataa. Nikaosha fremu, nikaikausha kwa feni, nikairudishia tepu, nikabandua kila kitu na kukihamishia ndani ya fremu, upande wa raba. Sasa ilisomeka. Baba akatikisa kichwa: "Umeweka macho njiani." Kisha akaenda kulala.

Mifuko 20 ya kwanza ilitoka safi kiasi cha kunitia kiburi. Niliitundika kwenye kamba niliyoifunga toka dirishani hadi kwenye kabati, sebule nzima ikawa inanukia wino, mdogo wangu akipita kwa kuinama. Jasho linanitiririka, feni imezimwa, siwezi kujipangusa kwa mikono ile.

Mfuko wa 24, B ya pili ilikuwa na jicho moja. Nililitafuta kwenye fremu, halipo. Liko kwenye ukingo wa raba, limejikunja kama gamba la dagaa. Stika iliyolowa hairudi. Nilikata kipande cha selotepu, nikakibandika pale, kikadumu mifuko mitatu. Kuanzia hapo nikawa nachapa mfuko mmoja na kutafuta jicho moja. Nililipata moja kwenye kiwiko. Jingine liligandana na kopo la wino. Wapiga ngoma wa daku walipopita mtaani, HUJAZA ilikuwa bado inaona, lakini KIBABA ilikuwa imefumba kabisa, vibonge vyeusi tupu.

Baada ya daku Baba alinisaidia kupiga pasi ile iliyokwishakauka, kitambaa juu ya maandishi, dakika kadhaa kila mfuko, ili wino usitoke ukifuliwa. Hakusema neno kuhusu njia. Alipofika kwenye iliyofumba alikuwa anaipiga pasi kwa uangalifu uleule.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa Mabibo na rambo langu la mwisho la plastiki limebeba mifuko 60 ya kitambaa, naangalia nyuma kama mwizi.

"Shikamoo, mamdogo."

"Marahaba. Lete nione."

Aliipanga juu ya gunia la maharage, mmoja mmoja, akipitisha kidole kwenye jina kama mtu anayechambua mchele. Mafungu mawili. Kubwa lilikuwa la 41. Dogo la 19 akalisukuma chini ya meza. Nikaanza kueleza habari za stika, raba, kioo, upande wa ndani.

"Hii yenye macho ni ya wateja wa taslimu, na ndiyo nitakayokulipa," alisema, akifungua kibweta cha fedha. "Hiyo iliyofumba nitawafungia wa mkopo. Wao nao wakiniona barabarani hufumba hivyohivyo."