Siku moja ya fundi cherehani mwenye ganzi mikononi na miguuni

Saa 11:30 alfajiri. Taa kwanza, miguu baadaye. Vidonge vya ukoma vya miezi 12 viliisha zamani na vimelea vilikufa, lakini mishipa ya fahamu iliyokwisha kuharibika hairudi. Ganzi imebaki kwenye nyayo zote mbili na upande wa kidole kidogo wa kila mkono. Sakafu siikanyagi pekupeku. Viatu navigeuza juu chini, navigonga, kisha naangalia ndani kwa macho, kwa sababu mkono wenye ganzi hautambui mwiba wala kokoto.

Saa 12:00. Beseni, maji baridi ya bombani, miguu na mikono dakika 20 hadi 30. Maji ya moto siyagusi hata asubuhi za baridi: yakizidi, ngozi itababuka na sitajua. Mishipa iliyokufa ndiyo iliyokuwa ikiongoza jasho pia. Ngozi isiyotoka jasho hukauka, huwa ngumu, mwisho hupasuka, na kwenye magaga ndimo vijidudu hupita. Hapa Dodoma upepo wa Julai humaliza unyevu wa ngozi mapema sana, kwa hiyo majira hayo naloweka tena jioni.

Ikishalainika, nasugua sugu taratibu kwa jiwe la magaga. Wembe hapana. Sugu ikiachwa inene hukandamiza nyama ya ndani kama kokoto iliyo kiatuni, damu huvilia chini yake, na kidonda huanzia huko ndani kabla hakijaonekana. Halafu mafuta ya mgando, ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta hayaongezi maji, kazi yake ni kuyazuia yasitoke.

Mikono ikiwa ina mafuta nafanya mazoezi. Kiganja kinaangalia juu, kimelala pajani, na mkono wa pili unanyoosha vidole kutoka kwenye fundo hadi nchani, nahesabu kumi, narudia mara kumi. Kidole kidogo na cha pete hujikunja kwa sababu mshipa unaopita kwenye kiwiko umeumia. Vikiachwa, viungo vinakakamaa, na kiungo kilichokakamaa kinamnyima daktari nafasi ya kuhamisha kano ili kukinyoosha.

Saa 1:00. Chai kwenye kikombe chenye mkono, si cha bati.

Saa 1:30. Bodaboda. Napandia upande usio na ekzosi, maana mguu wenye ganzi ukigusa bomba lile utatulia hapohapo mpaka uungue. Kwenye daladala sikai karibu na kifuniko cha injini.

Viatu vyenyewe vina mkanda wa nyuma, soli ngumu isiyopitisha msumari, na ndani sponji laini ya unene wa sentimita moja hivi. Vimeshonwa na kugundishwa. Katambuga za sokoni zina soli nzuri ya tairi, lakini nyingi zimegongwa vimisumari, na soli ikilika vinachomoza juu. Kandambili ni mbaya zaidi: hukwaruza kati ya vidole, na vidole visivyo na nguvu havizishiki.

Saa 2:30. Kibandani, na kazi ngumu kuliko zote ni pedeli. Chuma chake kina matundu na kingo, na sehemu ileile ya wayo inasukumwa mfululizo. Mtu mwenye hisia hubadilisha mguu bila kufikiri, kwa kuwa maumivu humwambia. Mimi naambiwa na saa ya simu, ikilia kila nusu saa. Juu ya pedeli nimegundisha kipande cha zulia nene. Saa 4:30 navua viatu na kuangalia wekundu. Usipopotea ndani ya dakika 20, mguu ule umemaliza zamu yake ya leo.

Mikasi imezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye vishikio. Mkono usiohisi hauna kipimo cha nguvu, unabana kuliko inavyohitajika na kujitengenezea lengelenge. Karibu na sindano kitambaa nakisukuma kwa kijiti, wala si kwa kidole. Sindano zote ziko kwenye sumaku, na nazihesabu kabla ya kufunga. Pasi ya mkaa naishika kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne na kuiegesha juu ya tofali, mbali na ukingo wa meza, kwa kuwa cheche ikidondokea mguuni nitainusa kabla ya kuihisi.

Saa 7:00 mchana. Ugali kwa kijiko. Ugali wa moto unaunguza vidole bila kelele. Nakula sahani moja na wenzangu, na aliyemaliza dawa hamwambukizi mtu.

Linaloniuma ni kusikia watu wakisema ukoma unakula vidole. Hauli. Daktari Paul Brand, aliyeanza kazi Vellore, India, mwaka 1946, alionyesha kwamba vidole hupotea kwa majeraha, kuungua na maambukizi ambayo mwenyewe hakuyahisi. Maana yake ni kwamba vinaweza kulindwa.

Saa 11:00 jioni. Sokoni, hatua fupi, polepole. Hatua ndefu hutupa uzito wote kwenye vitako vya vidole. Mzigo nauchukua kwa safari mbili.

Saa 2:00 usiku. Naweka kioo sakafuni na kusoma nyayo. Mwanangu hupapasa kwa kiganja chake, na akisema sehemu moja ina joto kuliko nyingine, nyama ya pale imeshaanza kuumia hata kama ngozi ni nzima. Kesho yake natumia cherehani ya kuzungusha kwa mkono, mguu ukiwa juu ya kiti.

Kidonda kikitokea, ni maji safi na sabuni, kitambaa safi, na kutokukanyagia. Wengi huulizia dawa ya kupaka, lakini kidonda cha wayo hakifungi kikiendelea kukanyagwa. Harufu, uvimbe, homa au mfupa kuonekana ni hospitali siku hiyohiyo. Na mkono au mguu ukilegea ghafla, au mshipa wa kiwiko ukianza kuuma, nenda kwa mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya: dawa ya prednisolone ikianza ndani ya miezi 6, nguvu inaweza kurudi.