Shangazi amekubali kusafiri

Leo alfajiri nimemsindikiza shangazi stendi ya mabasi hapa Dodoma, akielekea hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa tiba ya mionzi.

Tangu korona ilipotangazwa nchini mwezi Machi 2020, amekuwa akiahirisha safari, akihofia kikohozi cha abiria kuliko uvimbe wenyewe.

Hofu hiyo si ya kipuuzi, maana kemotherapia (tiba ya dawa za saratani) aliyokwisha kupata hupunguza chembe nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi. Lakini saratani nayo haingoji.

Kilichonigusa ni barakoa zake za kitenge: amejishonea nyingi, akazipiga pasi na kuzikunja kwa mpangilio, huku nguo zake akizisokomeza mkobani ovyoovyo.

Ndugu zangu, wagonjwa wenu wanasafirije kipindi hiki?