Mahali epoksi inapoishia

Usiku huu nimemaliza kufunga nzi wa kuvulia, yaani chambo bandia cha manyoya na uzi kwenye ndoana, wa mtindo wa samaki mdogo. Wote wako kwenye kimota cha kuwageuza, wanazunguka polepole huku epoksi, ile gundi ya resini na kigumishi inayofunika vichwa vyao, ikikaza. Napenda kuandika katika muda huu, kwa sababu mikono imeshapumzika lakini akili bado iko mezani.

Kinachonishughulisha ni hiki: epoksi iishie wapi? Nzi wa aina hii mbele anatakiwa awe mgumu, astahimili meno na miamba. Nyuma anatakiwa awe laini, singa zake zicheze na maji. Singa zikishainywa epoksi haziogelei tena, zinakakamaa, na mvuvi anabaki na pambo linalong'aa ambalo samaki hana sababu ya kulifukuza. Ndiyo maana naamini ustadi wote wa kazi hii uko pale kichwa kinapokutana na mkia, kwenye nafasi isiyozidi upana wa punje ya mchele.

Bob Popovics wa New Jersey, Marekani, aliligusa tatizo hilihili alipobuni nzi wake aitwaye Surf Candy. Samaki wanaoitwa bluefish walikuwa wanayararua manyoya kwa meno, naye akakifunika kiwiliwili kwa epoksi na kuuacha mkia huru. Kila nikimtazama nzi yule naona uamuzi wa mtu aliyejua pa kukomea. Hata Copper John wa John Barr, nzi mdogo wa maji baridi, epoksi yake inakaa mgongoni tu, juu ya kifuko cha mbawa, sehemu inayoiga mbawa changa za mdudu. Sehemu nyingine haiguswi.

Kwa vichwa vya samaki mdogo natumia epoksi ya dakika 30, yaani inayochukua takriban muda huo kuanza kukaza. Ile ya dakika 5 inaanza kuvuta nyuzinyuzi kabla hujamaliza nzi wa pili, na ikipigwa na jua mara kwa mara hugeuka manjano mapema. Ya dakika 30 inatiririka, inajisawazisha yenyewe, na viputo vinapata muda wa kupanda na kupasuka. Resini na kigumishi vya aina ninayotumia huchanganywa kwa ujazo sawa, na hapo sikadirii kwa macho. Kuongeza kigumishi hakuharakishi kitu: kile kilichozidi hakina resini ya kuungana nayo, na uso unabaki unanata.

Nakoroga juu ya karatasi ya alumini, kwa kukandamiza na kukunja, bila kupiga. Kisha nautandaza mchanganyiko uwe mwembamba. Epoksi hutoa joto inapoungana, na ikiachwa imerundikana joto hilo linaikazisha haraka. Ikitandazwa, inanipa muda. (Glavu ni lazima. Ngozi inayoguswa mara kwa mara na epoksi mbichi inaweza kujenga mzio, na mzio huo ukishaingia hauondoki kirahisi.)

Kabla ya hapo napaka vanishi nyembamba kwenye mizunguko ya uzi na mashinani mwa singa, naiacha ikauke kabisa. Hatua hii inaonekana ndogo lakini ndiyo inayookoa kazi. Hewa iliyofichwa katikati ya nyuzi haipandi tena kuwa viputo, na singa zinapoteza ile kiu ya kuivuta epoksi kwenda nyuma.

Halafu inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote. Tone linaning'inia kwenye ncha ya sindano. Naliweka juu ya kichwa, nyuma kidogo ya tundu la ndoana, linajitanua lenyewe. Mistari ya uzi inafifia, jicho la kubandika linazama na kuonekana limekua. Kisha ukingo wa epoksi unafika mashinani mwa singa na kusita. Hapo naondoa sindano yenye epoksi, nachukua nyingine kavu na kuzoa kile kinachotaka kuendelea. Tundu la ndoana nalo nalisafisha saa hiyohiyo kwa uti wa unyoya, maana likishaziba na kukauka ni mateso.

Resini ya taa ya urujuanimno ninayo, na siibezi. Kwa nzi wadogo waembamba inafaa sana: unapaka, unamulika kwa sekunde chache, umemaliza. Uso wake ukibaki na utelezi unaonata, sababu ni oksijeni ya hewani kuzuia tabaka la juu lisiungane, na kitambaa chenye spiriti kinaufuta. Lakini inakauka pale tu mwanga unapofika. Chini ya macho ya kubandika, au ndani ya rangi nzito, inaweza kubaki mbichi bila wewe kujua. Epoksi ya vichupa viwili haihitaji mwanga. Inakaza hadi gizani. Kwa nzi atakayeng'atwa na kugongwa, uhakika huo nauthamini kuliko dakika nitakazookoa.

Siwagusi hawa kwenye kimota mpaka asubuhi. Nimeacha mabaki ya mchanganyiko kwenye ile karatasi, na nitayajaribu hayo kwanza. Kucha isipoacha alama, nitawashusha wote. Ambaye kichwa chake kina bonde nitamsugua kwa msasa laini na kumwongezea tabaka jembamba. Waliosawazika wataingia sandukuni.