Majivu Kwanza, Kuni Baadaye

Kwa miaka minne nimekuwa katibu wa usharika wetu, na katika muda huo sijakosa ibada ya Jumapili ila nilipokuwa mgonjwa. Silisemi hili kwa kujisifu. Ndilo lililonifunika macho. Mwaka jana, siku ya sikukuu ya mavuno, niliombwa niongoze maombi ya wagonjwa, na nikiwa nimefumba macho, mdomo ukimsihi Mungu awaguse walio vitandani, nilijikuta nikihesabu viti vya plastiki tulivyokodi na kuwaza kama vingetosha chini ya turubai. Hesabu ilitoka sawasawa. Watu wakaitikia amina, na hakuna aliyejua kwamba mwombaji hakuwapo.

Tangu siku hiyo barua kwa kanisa la Efeso, katika Ufunuo sura ya 2, imekuwa ikinisumbua. Waefeso hawakuwa walegevu hata kidogo: wanasifiwa kwa kazi, kwa taabu na kwa subira, tena waliwapima waliojiita mitume wakawabaini kuwa waongo. Usharika wowote ungetamani wazee wa namna hiyo. Hata hivyo wanaambiwa kwamba wameuacha upendo wao wa kwanza. Na dawa wanayopewa si kutafuta hisia zilizopotea, bali kukumbuka walikoanguka, kutubu, na kuyarudia matendo ya kwanza. Nimezoea kusikia watu wakilia kwamba hawasikii tena kitu wanapoomba (nami nimelia hivyo), lakini barua ile haizungumzii kusikia kitu.

Marehemu bibi yangu, mzaa mama, alikuwa mlokole wa Kagera, aliyeokoka akiwa msichana katika uamsho ule ambao miaka ya 1930 ulienea kutoka Gahini, Rwanda, ukaingia Uganda, Kenya na Tanganyika. Alipikia mafiga matatu mpaka alipofariki. Usiku alivifukia vijinga kwenye majivu ili moto ulale bila kufa, na alfajiri, kabla ya kuongeza ukuni wowote, alipiga magoti akayakusanya majivu yale kwa kipande cha bati, akayatoa nje, kisha akapuliza taratibu hadi kaa moja likafumbua jicho jekundu. Siku moja, nikiwa mtoto mwenye haraka ya chai, nilirundika kuni juu ya majivu. Tulipata moshi tu.

Nilipokuja kusoma Walawi sura ya 6 nikiwa mtu mzima, nilicheka peke yangu. Sote tunaikumbuka ile amri kwamba moto wa madhabahu usizimike, na wahubiri huipenda sana, lakini kinachotangulia hakihubiriwi mara nyingi: kuhani avae kitani chake, ayazoe majivu ya sadaka ya usiku, ayaweke kando ya madhabahu, kisha abadili mavazi na kuyapeleka nje ya kambi. Kuni za asubuhi zinatajwa baada ya hapo. Majivu yale hayakuwa uchafu wa dhambi. Yalikuwa mabaki ya sadaka halali ya jana. Hapo ndipo niliponaswa, kwa maana nilichokirundika moyoni mwangu hakikuwa uovu wa kutisha bali utumishi wangu mwenyewe, vikao, taarifa za mapato na sifa za kwamba katibu wetu ni mchapakazi.

Walokole wa kizazi cha bibi walikuwa na njia yao ya kuyatoa. Walikutana nyumbani kwa mtu, wakasoma Neno, kisha kila mmoja akasema waziwazi hali ya moyo wake. Huko waliita kutembea nuruni, kwa kufuata Waraka wa Kwanza wa Yohana. Sikubaliani na yote waliyoyafanya, kwa kuwa wengine walivuka mpaka wakayaanika hadharani mambo yaliyowaumiza wasiohusika. Lakini swali ambalo bibi aliniuliza kila likizo, «Mjukuu wangu, Yesu ni nani kwako leo?», halikujibika kwa kutaja cheo.

Sasa tunakutana watatu kila Jumatano, kabla ya kwenda kazini, bila ajenda na bila mimi kuandika mihutasari. Wiki iliyopita zamu yangu ilipofika sikuwa na la kiroho la kusema, isipokuwa kwamba nilikuwa nimemkasirikia mzee mwenzangu kwa siku tisa kwa sababu ya ufunguo wa stoo. Nikalisema hilo. Naye alikuwa ameketi mbele yangu.